Kocha Alipokuja Weston Kuposa

Kuna watu wanaoipenda timu kwa sababu baba zao waliipenda. Mimi timu ya mpira wa kikapu ya chuo chetu niliipenda kwa sababu ya joto. Miaka ile ya elfu mbili na ushee nilikuwa nabeba trei za mikate kwenye ghala moja la Downsview, huku Kanada, tangu alfajiri, na nikitoka hapo nakwenda darasani jioni. Basi lilinishusha mbele ya chuo katika baridi ambayo, nakuapia, neno likikutoka mdomoni lilianguka chini likavunjika. Darasa lilikuwa bado limefungwa. Mlango pekee uliokuwa wazi ulikuwa wa ukumbi wa michezo. Nikaingia, nikakuta humo joto la Morogoro mwezi wa kumi na mbili, na wasichana warefu kama nguzo za umeme wanakimbizana na mpira. Nikakaa benchi la nyuma nikayeyuka taratibu.

Tangu siku ile sikukosa. Nilikuwa nasomea ugavi, yaani namna ya kuendesha ghala badala ya kubebeshwa na ghala, na masomo ya jioni yana adabu zake: mwalimu wetu wa hesabu alikuwa anafundisha kwa sauti ya chini ili asituamshe. Lakini ile nusu saa ya ukumbini kabla ya darasa ilitosha kuniweka macho. Nawashukuru wale wasichana kwa cheti changu kuliko ninavyojishukuru mwenyewe.

Jumapili nilikuwa na watu wa kuwasimulia. Baada ya ibada ya Kiswahili pale Weston, watu walishuka chumba cha chini ya kanisa kunywa chai ya maziwa, na kona ya karibu na hita ilikuwa yetu. Tulijiita kamati. Mwenyekiti alikuwa mzee mmoja wa Tabora, mstaafu wa reli, mtu ambaye hakuna ndoa ya Waswahili iliyofungwa kati ya Windsor na Ottawa bila yeye kukaa upande mmoja wa meza ya mahari. Wa pili alikuwa Mkenya wa Nakuru, dereva wa teksi uwanja wa ndege. Huyu kazi yake kubwa ilikuwa kusoma jukwaa la mashabiki mtandaoni akiwa kwenye foleni ya abiria, kisha kutuletea habari zote, za kweli na za kutengenezwa. Wa tatu mimi.

Mazungumzo yetu yalikuwa ya usajili. Mechi zenyewe hatukuzijadili sana. Mechi imeshachezwa, utaifanya nini? Utamu ulikuwa nani anakuja msimu ujao, nani amekataa, kocha alionekana kwenye sekondari gani.

"Kuna dem wa Windsor," dereva alianza Jumapili moja, akishusha sauti kama anauza siri ya serikali. "Mrefu, na anachezesha mpira kama ana macho kisogoni. Vyuo vitatu vinamtaka."

"Windsor ni mbali," Mzee akasema. "Mtoto atakumbuka kwao. Mwezi wa pili ataanza kulia."

"Mzee, Windsor si Kigoma. Ni saa nne tu kwa gari."

"Kwa gari lako au kwa gari zima?"

Tukacheka. Binti aliyekuwa anapita na birika la chai akasimama kutujazia vikombe. Tulimjua tangu mdogo, mtoto wa nesi mmoja wa Mbeya aliyekuwa akiishi karibu na mto Humber, na sisi wote tulikuwa tunamwita akitakiwa mtu wa kushusha viti vya rafu ya juu. Kama watoto wengi waliokulia huku alikisikia Kiswahili chote na kukijibu kwa Kiingereza.

"Yule wa Windsor mkono wa kushoto hana kabisa," alisema kwa hicho Kiingereza chake, huku akimimina. "Ukimfungia kulia, amekwisha."

"Wewe umejuaje?" dereva akauliza.

"Nilimfungia kulia."

Akaenda zake na birika. Sisi watatu tukabaki tunatazamana. Miaka miwili kamati ilikuwa inachambua wasichana wa Windsor, wa Ottawa, wa Halifax, na chai yetu inamiminwa na nani!

Wiki hiyohiyo tulikwenda kumtazama kwenye ukumbi wa shule yake. Siwezi kumweleza mtu akaniamini. Aliruka kuchukua ribaundi, ule mpira uliokosa kikapu ukarudi, na mimi nilipata nafasi ya kupenga kamasi, kukunja leso na kuirudisha mfukoni kabla hajatua. Dereva alitoka pale amekauka sauti, akaingia jukwaani kwa jina lake la bandia na kumsifu mpaka shabiki mmoja akamuuliza kama yeye ndiye baba wa mchezaji. Akajibu, "Mimi ni mjomba." Hakuwa mjomba. Lakini kocha wa chuo chetu naye alikuwa na macho, na baada ya kuja shuleni mara kadhaa akampigia simu mama wa binti kwamba angependa kuwatembelea nyumbani.

Binti alitaka chuo kile tu. Vyuo viwili vya mbali vilishamwandikia, akavikataa. Baba yake alifariki binti akiwa mdogo, mama yake alikuwa anafanya zamu hospitalini, na yeye alitaka kusomea unesi, kucheza, na kurudi nyumbani jioni kumpikia mama yake. Yote matatu yalipatikana mahali pamoja tu duniani, vituo vichache vya basi kutoka kwao. Alishamwambia mama yake hayo kwa machozi. Kwa hiyo hakuna aliyekuwa na shaka alichokitaka. Shaka tuliileta sisi.

Maana mama mtu alimpigia Mzee. "Mzee, Jumapili kuna watu wanakuja nyumbani kwa ajili ya binti. Kaka zangu wote wako Mbeya. Siwezi kukaa mbele ya wageni peke yangu kama mtu aliyeokotwa."

Ukimwambia Mzee wa Tabora kwamba watu wanakuja nyumbani kwa ajili ya binti, yeye anajua jambo moja tu, na analijua vizuri sana.

Alifika saa mbili kabla ya wageni, amevaa ile suti ya kahawia ya shughuli, akapanga sebule. Sisi upande wa dirisha, wageni upande wa mlango. Binti akae chumbani mpaka aitwe.

"Lakini kocha anakuja kuniona mimi," binti akalalamika.

"Ndiyo maana hutakiwi kuonekana," Mzee akamjibu.

Mimi nikapewa ukalimani. Mzee Kiingereza alikijua kuliko mimi, lakini alisema posa haizungumzwi kwa lugha ya upande wa pili, ni kuwapa goli la bure. Dereva akateuliwa mjomba, cheo alichokwisha kujipa.

Kocha akaingia: mama wa makamo, nywele fupi, koti la chuo, mtu wa kaskazini mwa Ontario huko ambako theluji huanza mwezi wa nane na kumalizika mwezi wa saba. Nyuma yake msaidizi wake, kijana mwenye chunusi, amebeba boksi la donati.

"Mshenga wao mdogo sana," Mzee akaninong'oneza. "Lakini hawakuja mikono mitupu."

Wakavua viatu, wakakaa. Pilau likaja, kachumbari ikaja, treni ikapita nje na vijiko vikagongana mezani. Watu walikula mpaka msaidizi akalegeza mkanda. Kisha Mzee akakohoa.

"Waulize wamepita nyumba ngapi mpaka wakaifikia hii."

Kwetu sisi, swali hilo huulizwa ili mgeni ajibu kwamba hajabisha hodi pengine popote. Nikatafsiri. Kocha akafikiri kidogo, akahesabu vidoleni, akajibu kwa furaha kwamba mwaka huu ni kama nyumba kumi na tano.

Mama wa binti alishika kifua. Dereva akasema, "Kumi na tano! Manze, huyu hana haya."

"Angalau ni mkweli," Mzee akasema. "Endelea."

Alihoji mengi. Nani atamlisha, nani atamwangalia safarini, kama timu ina wasichana wa tabia gani. Mama mtu aliuliza moja tu, lenyewe la maana: "Akiumia goti, atafukuzwa shule?" Kocha aliweka sahani chini kabla ya kujibu. Akasema hapana, nafasi ya darasani ni ya alama zake, na alama zake ni nzuri, goti halihusiki. Nilimpenda hapohapo yule kocha.

Kisha akasema yaliyomleta. Amebakiwa na nafasi moja. Angependa iwe ya binti huyu. Lakini kuna msichana wa Windsor naye anasubiri jibu, na familia yake anaiheshimu pia, kwa hiyo anaomba kujua kabla ya Ijumaa.

Nilipomaliza kutafsiri Mzee alitabasamu kama fundi aliyeona msumari wa aina anayoijua. "Kila mposaji ana mwingine kando," alisema. "Hilo usilitafsiri."

Binti akaitwa. Alitoka chumbani na kusimama kando ya kabati, macho chini, kama mama yake alivyomfundisha wiki nzima. Kocha akamgeukia, akamuuliza moja kwa moja: wewe mwenyewe unasemaje?

Binti akamtazama mama yake. Mama akamtazama Mzee. Mzee akalitazama pilau.

"Binti yetu ana adabu," Mzee akasema. "Hawezi kujibu neno kama hilo mbele ya wazee wake. Waambie tumewasikia. Waende salama wapumzike. Wakija tena, tutazungumza."

Nikatafsiri yote, mpaka kupumzika. Kocha akatutazama mmoja mmoja, akamtazama binti kwa muda, akasema anaelewa. Akashukuru kwa chakula, akavaa viatu, akaondoka na bakuli la pilau tulilomfungia.

Mlango ulipofungwa tulishangilia. "Mzee umewaweka palepale!" dereva alisema. "Hata kwetu siku ya kwanza hampewi jibu, mnapewa chai." Nadhani ndiyo mara ya kwanza Kenya na Tanzania kukubaliana jambo bila kupitia Arusha.

Binti peke yake hakushangilia. "Hamkumwambia ndiyo," alisema.

"Siku ya kwanza hakuna ndiyo, mwanangu. Tukisema ndiyo siku ya kwanza wataona tulikuwa tunatafuta pa kukutupa. Acha warudi. Wakirudi mara ya pili watakuja na heshima, na utaishi kwao kwa heshima."

Alisema hivyo kwa upendo kabisa, na mimi nikaona ni hekima ya mwaka. Ijumaa ikapita bila simu. Jumamosi dereva akanipigia, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alikuwa anazungumza polepole.

"Buda, uko umekaa?"

"Sema."

"Wamemchukua wa Windsor. Jukwaa zima linasherehekea. Wanasema kocha alikuwa na mwingine hapa mjini, lakini familia ilikataa."

Familia ilikataa! Nilisimama katikati ya ghala na trei mkononi mpaka mikate ikapoa.

Jumapili birika la chai lililetwa na mtu mwingine. Mama wa binti alikuja kwenye kona yetu akiwa na koti mwilini, hakukaa. "Amelala kifudifudi tangu jana," alisema. "Hanilaumu. Afadhali angenilaumu." Hakututukana, na ningekwenda Dodoma kwa miguu ili atutukane.

Mzee hakugusa chai yake mpaka ikafanya utando. Mwishowe akasema, "Tulitaka aheshimiwe, tukamziba mdomo. Kesho tunakwenda kwa kocha."

"Upande wa binti uende kuposa?" dereva akauliza. "Mzee, hiyo haipo kwenye mila."

"Sasa ipo."

Tukaenda watano ndani ya teksi moja, binti kiti cha mbele kwa ajili ya miguu yake, sisi watatu nyuma tumebanana na hotipoti la pilau ambalo mama mtu hakukubali kuliacha. Binti hakutaka kuja. Alisema ni aibu. Kwenye lifti ya chuo Mzee akamshika bega. "Leo mimi nitasema maneno mawili, kisha ni bubu. Anayezungumza ni wewe."

Kocha alitukuta mlangoni kwake, akaduwaa. Ofisi yenyewe ilikuwa ndogo, mipira imejaa mpaka kwenye kiti cha wageni, tukasimama wote. Mimi nikajiandaa kutafsiri. Mzee akanizuia kwa mkono, akavua kofia, akasema kwa Kiingereza safi ambacho kocha hakuwahi kukisikia kwake: kwetu, mtu akithaminiwa sana hatumtoi siku ya kwanza. Wewe ulikuja na heshima, tukakujibu kwa kawaida zetu bila kukueleza. Kosa ni letu. Mtoto hakusema hapana.

Akafunga mdomo, na kweli akawa bubu.

Kocha akamgeukia binti. "Basi wewe unataka nini?"

Nilidhani atalia. Hakulia. Alizungumza, tena mfululizo, kama bomba lililozibuliwa. Alisema anataka kucheza hapa tangu alipokuwa darasa la saba. Alisema ameangalia mechi zao na anajua mahali wanapopoteza ribaundi, na kwa nini. Alisema anataka unesi, na anataka kufika nyumbani kabla mama yake hajalala. Alisema Jumapili ile chumbani alikuwa ameshasema ndiyo mara nyingi, ila mlango ulikuwa umefungwa. Mama yake alikuwa anatazama sakafu wakati wote huo, akitikisa kichwa kukubali.

Kocha akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema ukweli, kama kawaida yake. Nafasi imekwenda, ametoa neno lake kwa familia nyingine na hawezi kulirudisha. Darasa la unesi binti ataingia kwa alama zake. Na mwezi wa tisa kuna majaribio ya wazi, anakuja yeyote. Miaka mingine huchukua mtu, miaka mingine hachukui. Haahidi chochote.

"Nitakuja," binti akasema.

Hotipoti tuliliacha juu ya meza yake.

Kiangazi kile nakikumbuka kuliko viangazi vyangu vyote vya Kanada. Jioni ambazo sikuwa na darasa tulikwenda kwenye uwanja wa lami kando ya Humber, kamati nzima. Dereva alikuwa anafukuza mipira iliyobiringika kuelekea mtoni, akiwa na viatu vya ngozi, analalamika mpaka bata wakahama. Mzee alikaa kwenye kiti cha kukunja na kusema "tena" kila mpira ulipoingia, na "tena" kila ulipokosa. Mimi nilikuwa mlinzi. Mikono yangu ya kubeba trei ilikuwa inafaa, nilidhani. Binti alinipita siku ya kwanza kwa kasi ambayo nafsi yangu iligeuka lakini mwili ukabaki umeangalia mbele, na wiki nzima nilipakia mikate nikichechemea. Hakutulaumu hata siku moja. Nilisubiri sana alaumu. Badala yake alileta maji ya baridi, akatugawia kabla ya kunywa yeye. Kwa hilo namshukuru mpaka leo, maana angekuwa na haki ya kutumwagia.

Majaribio hayakuruhusu watazamaji. Tulisubiri kwenye korido, mama mtu akiwa ametoka zamu na sare yake, Mzee kwenye suti ya kahawia, dereva ameegesha teksi mahali ambapo gari haliruhusiwi hata kufikiriwa. Walitoka wasichana wengi, wengine wanalia. Binti akatoka karibu na mwisho, taulo shingoni.

"Wa mwisho kwenye orodha," alisema. "Lakini nimo."

Mama yake alimkumbatia kiunoni, maana ndipo alipofikia.

Mechi ya kwanza nilikwenda bila kuwa na darasa, kama tajiri. Mama mtu alikuwa hajawahi kuangalia mpira wa kikapu mpaka mwisho maishani mwake. Robo ya kwanza ikaisha, ya pili ikaisha.

"Mbona wetu amekaa?" aliniuliza.

"Ni wa akiba, dada."

"Akiba ya nini? Wanaocheza wamechoka, sasa hivi mapigo yao ya moyo ni ya kupelekwa chumba cha dharura. Kocha haoni?"

"Mama, tulia," dereva akasema. "Ataingizwa."

Aliingizwa robo ya nne, timu ikiwa mbele na mechi imeshaamuliwa. Mama mtu akasimama na kupiga kigelegele ambacho, bila kutia chumvi, kilisimamisha mwamuzi. Kocha aligeuka, akatafuta kilikotoka, akatuona, akainua mkono. Binti alichukua ribaundi moja kwa usafi, akaikosa ya pili, akarusha mpira mmoja ukagonga chuma, na filimbi ikalia.

Alikuja kwenye ngazi zetu akitiririka jasho, akasimama mbele yetu na kuuliza tumeonaje. Kamati iliyoweza kumjadili kwa saa tatu mchezaji wa Halifax ambaye haijawahi kumwona ilikosa neno. Mzee alikuwa anafuta miwani. Dereva alikuwa anatazama taa za juu.

Mama yake, aliyekuwa amemsikiliza dereva akichambua mechi nzima, ndiye aliyejibu. "Ile ya pili ulichelewa kuruka. Ulikuwa unaangalia mpira badala ya kumweka yule mwenzako mgongoni. Na huyo wa namba kumi na moja msimu ujao anamaliza chuo, sivyo? Kocha ameshapata wa kuziba nafasi yake?"

Binti alicheka mpaka akakaa chini. Dereva akasogea taratibu kwenye benchi, akampa mama mtu nafasi katikati yetu, na tukaanza kumweleza habari za msichana mmoja wa Thunder Bay.